Springi ya Upande wa Ziwa

Mama,

Nianze na lile ambalo ungeniuliza kabla hata ya salamu: kuku wako ni wazima. Yule jogoo mwekundu ambaye uliapa kwamba atakwenda kabla yako bado yupo, na bado anawika saa anayotaka yeye. Viazi vya shamba la chini vimetoka vikubwa mwaka huu, na baridi ya Dundori ni ile ile ya kumfanya mtu akumbatie sufuria. Hayo tumeyamaliza. Sasa nikuambie lililonifanya nitafute kalamu. Leo gari limesimama sawa. Sawa kabisa, Mama. Harbans ameweka kikombe cha chai juu ya boneti, akainama, akakitazama kwa jicho moja, na chai haikuegemea upande wowote.

Nakuona ukiweka sindano zako chini na kuniuliza, kwani lilikuwa limesimamaje? Subiri. Ulinifundisha mwenyewe kwamba sweta haianziwi shingoni.

Unakumbuka lilivyokuwa siku nilipolileta nyumbani. Nililinunua kwa mzungu mmoja wa Mau Narok ambaye nilikuwa nikimtengenezea matrekta, wakati anauza vyombo vyake ili ahame. Milango minne, rangi ya maziwa yaliyolala, na springi zimechoka hadi tumbo la gari lilikuwa linasalimiana na kila jiwe. Ulilizunguka polepole, ukaligonga ubavuni kama unapima ng'ombe, ukasema, "Hii imezaa watoto wengi." Kisha ukafungua mlango wa nyuma upande wa kushoto, ukaingia, ukakaa. Tangu siku hiyo kiti kile kikawa chako.

Nilikusihi ukae mbele. Ukakataa katakata. "Mbele ni kwa bibi yako. Mimi siwezi kumpashia mtu kiti moto." Na wakati huo sikuwa na bibi wala dalili ya bibi! Basi tukawa tunateremka Nakuru kila Jumamosi hivyo hivyo, mimi mbele peke yangu kama dereva wa waziri, wewe nyuma na kiondo cha mayai mapajani. Watu wa sokoni wakaanza kuuliza ni mama gani huyu mwenye dereva. Hukuwahi kuwasahihisha. Sababu ya pili ya kiti kile hukuisema mpaka nilipokugundua kwenye kioo: ukiteremka kutoka Dundori, ziwa liko kushoto. Siku ambazo ndege wamejaa pembeni na maji yamekuwa ya waridi ulikuwa unasema, "Leo ziwa limevaa leso," na ukanyamaza mpaka tufike lami.

Shida ilikuwa mayai. Uliyafunika kwa makapi ya ngano niliyokuletea kutoka Mau Narok, ukayapanga kama watoto wa shule, na bado tulifika sokoni na uji wa manjano chini ya kiondo. Barabara ya Dundori haikuwa na huruma, na zile springi zilikuwa zimesahau kazi yao.

Mimi nami nilikuwa na ugonjwa wangu. Magari ya mashindano yalikuwa yamepita bondeni msimu wa mvua, yakiruka mashimo na kutua kama paka, na vijana wote wa Nakuru tukaanza kutembea kana kwamba tumeshika usukani. Halafu duka moja la spea mjini likaweka sanduku dirishani. Seti kamili: shokomzoba nne, zile za kumeza mitikisiko ya barabara, kila moja imevalishwa springi juu yake kama mtu aliyevaa koti, rangi nyekundu, bado zina mafuta ya kiwandani. Nilikuwa nikitoka kazini nasimama pale mpaka pumzi yangu inaweka ukungu kwenye kioo. Kizuri chajiuza, Mama. Mimi nilikuwa nimeshanunuliwa zamani, ilibaki tu mfuko wangu ukubali.

Harbans ndiye aliyeleta neno lingine. Unajua vile alivyo, na lile tumbo lake na kilemba chake kilichojaa vumbi la chuma. Wewe ndiye uliyenikutanisha naye, maana ndiye aliyekuchongea sindano za kufumia kwenye ile mashine yake ya kukereza vyuma, karibu na reli. Alinisikiliza nikisifu sanduku la dirishani mpaka nikachoka. Kisha akasema, "Mimi naweza kufanya hiyo. Leta shokomzoba ya kawaida. Mimi nachonga bomba, nakata nyuzi za bolti nje yake, naweka nati kubwa. Springi inakalia nati. Wewe unataka gari juu, zungusha hivi. Unataka chini, zungusha vile. Ile ya duka, urefu wake ni ule mtu wa kiwanda amependa."

Nilibisha, na hata leo nasema hoja zangu hazikuwa mbaya. Seti ya dukani, kila kipande kinamjua mwenzake. Kuna mtu aliyeijaribu huko ilikotoka kabla ya kuifunga kwenye sanduku. Bolti zake zimo, raba zake zimo. Yetu ingekuwa bomba la hapa, springi ya gari lililopinduka kule, na maombi. Harbans alikubali yote, kwa kutikisa kichwa. Alisema ni kweli, ya kutengeneza itatusumbua, tutaifungua na kuifunga mpaka tuchukie spana.

Nikaja nikakueleza wewe jikoni. Ulikuwa unafuma, hukuinua macho. Ulisema, "Sweta ya duka ni nzuri. Lakini imefumwa kwa mtoto wa mtu mwingine." Kisha ukanivuta mkono ukaupima kwa ile sweta uliyokuwa nayo, mkono wangu huu mrefu ambao hakuna duka la Nakuru lililowahi kuufunika hadi kiganjani. Nikakubali. Pesa za seti zenyewe hazikuwepo, hilo nalo lilisaidia.

Tukaanza. Springi tulizitoa kwenye gari lililokuwa limelala nyuma ya karakana yetu ya matrekta kule Mau Narok likiota majani. Harbans akachonga mabomba, akayachomelea, akatengeneza nati nne nzuri kiasi kwamba nililala na moja chini ya mto. Tukapunguza mabapa ya zile springi kuukuu za nyuma ili mpya zibebe mzigo. Jumamosi ya kwanza tukateremka kwa fahari kubwa, wewe na kiondo chako, mimi napiga mluzi. Tulipofika pale kwenye kona ya mawe nikasikia mlio kama bunduki. Shokomzoba ilikuwa imetoboa sakafu ya buti la mizigo ikachungulia juu nyuma ya kichwa chako, kwa sababu tulisahau jambo moja la maana sana: sehemu ile ya mwili wa gari ilikuwa imezoea kushikilia shokomzoba tu, na sisi tuliitwika uzito wa gari zima. Bati jembamba lingefanya nini?

Nilishuka mbio. Nilifungua mlango nikakukuta umekaa wima, umelowa kiini cha yai kuanzia kifuani hadi magotini, na kuna ganda moja limekaa kwenye kitambaa chako cha kichwa. Ulinitazama. Mimi nikakutazama. "Leo tungekuwa na moto," ulisema, "tungekula." Ukacheka mpaka gari likatikisika. Nilitaka kwenda kununua seti siku ile ile, kwa mkopo, kwa wizi, kwa vyovyote. Wewe ukanizuia. "Ukikosea safu unafumua. Hutupi uzi." Harbans akaweka bamba nene la chuma chini ya buti na mihimili miwili ya kulishikilia, na tangu hapo sakafu ile haijawahi kulalamika.

Kazi ya kupima sasa ndiyo ilikuwa kazi. Ulijiteua mwenyewe kuwa mkaguzi. Ulikuwa na kile kikombe cha bati cha buluu. Harbans alikijaza chai, ukakishika kwa mkono mmoja, kiondo mapajani, nami nikaendesha hadi kwenye reli na kurudi. Chai ikikugusa gauni, gari linarudi kwa Harbans. Tulirudi mara nyingi mpaka watu wa mtaa ule wakadhani tumehamia. Juu kidogo, chini kidogo. Ngumu sana, laini sana. Na kwa kuwa Nakuru ni vumbi na upepo, hukuwa unashuka. Ulibaki kwenye kiti chako unafuma, sisi tukiwa chini na spana, na kila nilipotaka kukusumbua ushuke, Harbans alisema, "Acha mama yetu akae. Yeye hapimi kitu?" Mke wake akakuletea chapati dirishani. Ulikuwa unakula, unafuma, na kutuamuru, yote kwa pamoja.

Hebu kumbuka hilo la kutoshuka, Mama. Litarudi.

Siku chai ilipokwenda na kurudi bila tone kumwagika, ulishuka kwa mara ya kwanza. Ukatema mate kidogo kifuani mwako, ukatema na juu ya boneti, ile baraka ya wazee wetu, ukanong'ona maneno yako. Harbans, maskini, akadhani umeona uchafu. Akatoa kitambaa mfukoni akapangusa baraka yote mpaka boneti ikang'aa. Uso wako siku hiyo! Nilipomweleza alishika kilemba kwa mikono miwili akakuomba uteme tena. Ukatema tena, na safari hii ukamwekea na yeye kidogo kwenye kiganja.

Haya, nisimwonee Kamau. Rafiki yangu Kamau karani alikuja kununua ile seti ya dirishani, na gari lake likawa zuri kweli. Tulilipanda kwenda Naivasha, ukiwa na kikombe chako, na kwenye lami halikumwaga hata tone. Lilipita kama pasi juu ya shuka. Nilikuona umependa. Kamau akajaa kichwa, akakuleta mpaka Dundori, na kabla ya kona ya mawe ulikuwa umeshafunga kikombe kwa kiganja. Aliposhusha vyombo vyako ulimwambia kwa upole, "Ni nzuri, mwanangu. Ni nzuri ya barabara ya watu wengine." Bado anaikumbuka sentensi hiyo. Ameisamehe mwaka huu tu.

Kisha Nyambura akaja, na kiti cha mbele kikapata mwenyewe. Sitasahau siku uliyomfungulia mlango wewe mwenyewe, ukapangusa kiti kwa ncha ya leso, ukamwambia, "Nimekutunzia." Nyambura hakujua umekitunza miaka mingapi. Alidhani ni adabu tu.

Na halafu, msimu mmoja wa viazi, ulivuna kutwa nzima, ukala, ukapanga mayai ya Jumamosi, ukalala. Asubuhi jogoo aliwika na wewe hukumtukana. Hivyo ndivyo nilivyojua.

Siwezi kuandika sana juu ya hilo. Nilitaka barua hii iwe ya furaha, nayo ni ya furaha, lakini nisikufiche: nimelia, Mama. Nimelia kwenye trekta, ambako hakuna anayesikia.

Baada ya mazishi nilipoanza kuendesha tena, niliona gari limeharibika. Kona ya nyuma kushoto ilikuwa juu. Gari zima liliegemea mbele kulia, kama mtu anayejikuna mguu. Usukani ulikuwa unavuta. Watu wa sokoni wakauliza kama nimegonga. Nilidhani springi imevunjika, au nati imejizungusha, au lile bamba la Harbans limepinda. Nikampelekea. Akaingia chini, akapima, akatoka. Akaingia tena. Akazunguka gari lote mkono kiunoni. Kisha nikamwona anasimama pale kwenye mlango wako, anatazama kiti, na mabega yake yanaanza kutikisika. Nilidhani analia. Alikuwa anacheka. Kisha akawa anafanya yote mawili, kwa kitambaa kile kile alichopangusia baraka.

"Njoroge," alisema, "gari iko sawa kabisa. Ni mama tu hayuko ndani."

Unaelewa tulichofanya? Mafundi wawili, mmoja na mashine yake, mwingine na matrekta yake, tulipima gari miezi yote ile na wewe ukiwa umekaa. Hakuna siku hata moja tuliyokuambia ushuke! Kila mzunguko wa nati ulikuwa na uzito wako juu yake, na ule mwili Mungu aliokupa bila ubahili, na kiondo, na chapati za mke wa Harbans. Tulipoona gari limenyooka, lilikuwa limenyooka kwa ajili yako. Ulipoondoka, kona yako ikainuka. Nilicheka nami, Mama, kwa mara ya kwanza tangu tukuzike. Tulicheka mpaka majirani wakatoka nje. Nilisikia sauti yako ikisema, "Mlinipa kazi ya mkaguzi, mlitegemea nini?"

Harbans akatoa spana ili ashushe nati. Nikamshika mkono. Sikuwa na sababu ya kumpa, nilimwambia tu, "Si leo." Na si leo ikawa miezi. Niliendesha gari lililopinda, nikachekwa, nikavaa maneno kama koti la mvua. Kila nilipoliona limesimama uani na ile kona juu, niliona kama umetoka kidogo tu, umeenda kwa jirani, utarudi ukae. Kulishusha kungekuwa kukuambia usirudi. Nyambura alijua. 

Lakini tairi la mbele kulia likaanza kuliwa upande mmoja, na Nyambura akawa mjamzito. Harbans akaacha kucheka. "Barabara ya Dundori, gari inavuta, na bibi ana mimba," aliniambia. "Mimi nakuheshimu na mama yako nilimpenda. Lakini hiyo si heshima, ni hatari." Na Kamau naye akatokea, amepewa gari la ofisi, anataka kuuza lake. Akang'oa seti yake nzima akaniletea kwenye sanduku lile lile la dirishani. "Chukua. Toa hizo zenu, weka hii, gari litanyooka, utapumzika." Na unajua, Mama, nilihisi kama nimepata mlango wa nyuma. Nikitoa vyote na kuweka seti, hakuna mtu atakayekuwa ameishusha kona yako. Itakuwa tu imekwisha, pamoja na mengine. Nisingelazimika kuzungusha ile nati kwa mkono wangu.

Jumapili moja baada ya kanisa, nikalipandisha gari kwenye jeki hapa uani, nikaanza na upande wako. Nikafungua springi yako nikailaza kwenye majani. Nikachukua ile nyekundu ya Kamau. Matundu ya bolti hayakulingana na lile bamba la Harbans. Nilikuwa nimepiga magoti nakuna kichwa, naambiwa na kuku wako mambo ambayo sikuyaelewa, mara Nyambura akatokea mlangoni ameshika nguzo.

"Baba Nani," aliniita, maana mtoto hakuwa na jina, "sasa."

"Sasa nini?"

"Sasa! Wacha hizo vyuma!"

Mama, sijawahi kufanya kazi haraka namna ile wala kwa utulivu namna ile. Hapakuwa na la kufikiria. Seti ya Kamau nilijua uzuri wake. Springi yako nilijua kila bolti, ipi inaingia kwa kubembelezwa na ipi inataka kusukumwa na goti, kwa sababu tulikuwa tumeifungua na kuifunga mpaka tukachukia spana, kama Harbans alivyoahidi. Ilirudi mahali pake kama ndoo kisimani. Nikashusha jeki. Nikamfungulia Nyambura mlango wa mbele, kiti chake cha haki, ulichomtunzia. Akakipita. "Nataka kunyoosha miguu," alisema, akafungua mlango wa nyuma upande wa kushoto, akajiingiza na tumbo lake, akakaa mahali pako.

Na gari likashuka.

Nililiona kwa macho yangu nikiwa nimesimama nje na ufunguo mkononi. Kona yako ilishuka taratibu, kama wewe ulivyokuwa ukikaa, kwa sehemu mbili, na ule mguno. Gari likanyooka. Usukani haukuvuta kushoto wala kulia. Tuliteremka kutoka Dundori kwa starehe, na kwenye kona ya mawe nilishika pumzi, nikamtazama Nyambura kwenye kioo. Alikuwa amefumba macho, mikono juu ya tumbo. Hakulalamikia gari hata mara moja, na maumivu alikuwa nayo ya kutosha. Ziwa lilipotokea alifumbua macho. Akasema, polepole, kati ya pumzi mbili, "Kumbe hiki ndicho alichokuwa anatazama."

Ni msichana, Mama. Wanawake wa Dundori walipofika hospitali walipiga vigelegele vitatu vya msichana kwa nguvu hadi nesi akaja kuwafukuza, kisha akasimama akasikiliza. Na msichana wa kwanza huchukua jina la mama ya baba, hilo huhitaji kuambiwa. Anaitwa Wanjiru. Anaitwa wewe. Nikimbeba namwita Maitu, mama kwa lugha yetu ya nyumbani, kama nilivyokuita, na yeye ananikunjia uso kama ulivyonikunjia nikileta gari lina matope. Nyambura anasema hakuna mwanamke Dundori aliyepata bahati kama yake. "Nimemzaa mama mkwe," anawaambia wenzake. "Safari hii mimi ndio nitamfunza kuosha sufuria." Uko tayari?

Tulipotoka hospitali alikataa tena kiti cha mbele. Alikaa nyuma na mtoto. Lakini mzigo ulikuwa umepungua, na kona ikainuka kidogo, si kama zamani, ila kidogo. Niliihisi kwenye usukani njia nzima. Na sikuhuzunika. Nilifikiri tu: huyu bado hajala.

Seti ya Kamau nimemrudishia na asante. Amewauzia watu wa Naivasha wanaokaa kwenye lami, na kule itakaa vizuri miaka mingi. Kila sweta na mwili wake.

Leo asubuhi nilimpeleka Wanjiru kwa Harbans. Nyambura alikaa mbele. Mtoto tulimlaza kwenye kiti chako, ndani ya kiondo chako cha mayai, amefungwa ile sweta yangu ya kijivu uliyomaliza kuifuma mwaka wa kwanza wa gari. Harbans alileta spana, akanipa mimi. "Hii si kazi yangu," alisema. Akachukua brashi, akaingia chini, akapaka mstari mwekundu mahali ambapo nati yako ilikuwa imekaa miaka yote hii. "Hapo ni Mama Njoroge. Hapo hakuna mtu anafuta." Kisha nikaishusha.  Nilizungusha, nikasimama, nikatazama, nikazungusha tena, Harbans akiwa na kikombe chake juu ya boneti, mpaka aliposema, "Basi. Huyu mdogo anaanzia hapo."

Mke wake akatoka na chapati dirishani. Wanjiru hana meno, kwa hiyo nimezila kwa niaba yako.

Sasa hivi gari liko uani, jua linazama upande wa bonde, limesimama sawa. Kuku wako wanazunguka chini yake. Nimetoka kulitazama mara kadhaa wakati naandika, Nyambura ananicheka.

Lala vizuri, Mama. Nimekuahidi mambo mengi maishani na mengine yalivunjika njiani na mayai, lakini hili nalishika. Mjukuu wako hatakaa mbele. Atakaa nyuma, upande wa ziwa, na nitapunguza mwendo linapotokea. Na kila mwaka, viazi vikishavunwa, nitaingia chini ya gari na spana, na nitaipandisha ile nati kidogo, na mwaka unaofuata kidogo tena, kadiri anavyokula na kukua, mpaka afike kwenye ule mstari wako mwekundu.

Mwanao,
Njoroge